Aliyechonga Jina la Mwingine

David Livingstone alipofariki mwaka 1873, Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India, alichonga jina lake kwenye mti kule Chitambo, katika Zambia ya leo. Wapagazi wakaubeba mwili kupitia Kwihara, hapa Tabora, hadi pwani. Wainwright aliusindikiza hadi Uingereza. Livingstone alizikwa Westminster Abbey mwaka 1874. Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892.

Wapendwa, tunapofyeka majani kwenye makaburi ya kale ya misheni pamoja na ndugu zetu Wamoravian, tunakiri kwamba Injili ilitufikia mabegani mwa watu. Mungu anayajua majina yao yote. Nasi tuyaandike tunayoyajua, wazee wanaoyakumbuka wangali hai.