Siwa ya Pujini na Istilahi za Nuru

Katika chumba cha chini ya ardhi kwenye magofu ya Pujini, Pemba, yanayonasibishwa na Mkama Ndume, ukutani pana sura ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa. Pumzi ya mpigaji haina ujumbe mpaka aikate na kuirefusha. Waya wa Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na Waswahili wana neno simu, lililotoka Kiajemi kwa maana ya waya wenyewe. Nyuzi za kioo zilipotua Dar es Salaam mwaka 2009, ukaitwa mkongo. Basi njia ndiyo ipatayo jina. Kitendo cha kugeuza nguvu au awamu ya nuru ili ichukue habari, wengine hukiandika modulesheni. Sisi twapendekeza ubebeshaji. Kuipa ishara umbo kabla ya kubebeshwa kuitwe uundaji. Uumbaji tumemwachia Mola.