Gishora, kilima kilichotunza ngoma za mfalme

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Bugarama, ukapita Muramvya, unafika Gitega baada ya kilomita kama 100. Kaskazini kidogo ya mji huo kuna kilima cha Gishora, penye ua wa kifalme na nyumba za mviringo za nyasi. Humo ndimo zilimowekwa Ruciteme na Murimirwa, ngoma mbili takatifu. Wakazi wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura, huwaona batimbo, yaani wapiga ngoma, kwenye sherehe za taifa, lakini wengi wao hawajawahi kukanyaga kilima hicho.

Masimulizi ya Gishora yanaanza na vita. Mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908 baada ya kutawala zaidi ya nusu karne, inasemekana alifanya makazi hapo alipomshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Ngoma akawakabidhi watu wa kilimani, nao wakarithishana kazi hiyo baba kwa mwana.

Kilele cha mwaka kilikuwa Umuganuro, sikukuu ya mtama iliyofanyika karibu na Desemba. Mfalme alionja mtama, kisha akafungua msimu wa kupanda, huku ngoma zikirindima. Siku hiyo ndipo watu walipoiona Karyenda, ngoma kuu ya utawala, ambayo kwa kawaida ilifichwa. Wamisionari waliuona Umuganuro kuwa upagani, na chini ya utawala wa Wabelgiji sikukuu hiyo ikakomeshwa mwaka 1929. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, Karyenda na mtama vilichorwa katikati ya bendera. Havikudumu. Waziri mkuu Michel Micombero aliuondoa ufalme Novemba 28, 1966, na ngoma ikatoka kwenye bendera.

Hapo Gishora ingeweza kufa kabisa, maana mfalme hakuwepo tena na sikukuu ilikwisha kuzimwa. Walioiokoa ni batimbo wenyewe, akiwemo mzee Antime Baranshakaje, ambao hawakuacha kupiga wala kuwafundisha vijana. Wakati huohuo sauti ya ngoma za Burundi ilikuwa imeshavuka bahari: mwaka 1975 mwanamuziki Joni Mitchell aliitumia katika wimbo wake “The Jungle Line”, na mwaka 1982 batimbo walipanda jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD, huko Shepton Mallet, Uingereza.

Aliyewaona kwa karibu hasahau wanavyoingia. Kila mmoja amejitwika ngoma kichwani, kipande cha gogo zito, na anaipiga huku akitembea. Wakifika, huzipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya kati, inkiranya, na idadi yake lazima iwe witiri. Gogo ni la mti wa umuvugangoma, limechimbwa ndani, na ngozi ya ng'ombe imewambwa juu yake kwa vigingi vya mti.

Serikali nayo imechukua hatua. Mwaka 2007 makazi ya kifalme ya Gishora yaliingizwa kwenye orodha ya maeneo ambayo Burundi inataka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia. Novemba 2014 UNESCO iliiandikisha densi ya kimila ya ngoma ya kifalme kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Kisha ikaja amri ya rais ya Oktoba 2017: wanawake wasipige ngoma, na anayetaka batimbo nje ya shughuli za serikali aombe kibali na kulipa faranga 500,000. Ni haki kulinda heshima ya ngoma, lakini ada hiyo ni mzigo kwa familia ya Bujumbura inayotaka batimbo kwenye harusi, na inawapunguzia riziki vijana waliojifunza kazi hii.

Ulinzi ambao Gishora inauhitaji zaidi uko kwenye udongo na nyasi. Paa za nyasi zinaoza, lazima ziezekwe upya mara kwa mara, na mafundi wa kazi hiyo wanastahili malipo. Umuganuro nao unastahili siku yake hapo hapo kilimani, mtama ukiwepo, na wanafunzi wa Bujumbura waletwe waelezwe kwa nini ulizimwa mwaka 1929. Na miche ya umuvugangoma ipandwe sasa, kwa kuwa mti wa kutoa gogo la ngoma huchukua miaka mingi kukua, na anayeupanda leo huenda akamwachia mjukuu kazi ya kuuchimba.