Mbwa si askari: historia fupi ya wanawake kutembea peke yao

Wiki hii sina umbea wa hosteli wala habari za boom. Nimekuwa nasoma historia ya Uingereza ya miaka ya karibuni, na kuna jambo limenikaa kichwani nikaona bora niliweke hapa kuliko kulala nalo. Linahusu akina dada wanaotembea peke yao, hasa wale wanaotembea na mbwa.

Najua wengine mmeshacheka. Kwetu mbwa anashinda bandani, usiku anafunguliwa alinde nyumba, basi. Nani ahangaike kumtembeza? Lakini Uingereza mbwa wengi wanaishi ndani na watu, kwa hiyo lazima watolewe nje kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Na kwa kuwa ni kazi ya kila siku, mtu anajikuta anapita njia ileile saa ileile, kwenye bustani, mashambani au kwenye vichaka, ambako hakuna watu wengi. Mtu mwenye nia mbaya akitaka kujua utapita saa ngapi, anakaa tu anaangalia.

Ndiyo maana ushauri ni mwingi, na unafanana sana na ule tunaopewa sisi wadada hapa kempasi. Usipite gizani. Badilisha njia. Usiweke muziki masikioni. Mwambie mtu unakokwenda. Ukiwa na mbwa ndo vizuri zaidi. Sisemi ushauri huo ni mbaya, mimi mwenyewe naufuata. Ila swali langu ni la kihistoria: wanawake walipouawa, je, kilichokosekana kilikuwa ni hadhari yao? Au kuna mtu mwingine alikuwa na habari na hakuzifanyia kazi? Nimechukua vipindi vitatu. Majina ya waliouawa siyaweki, familia zao bado zipo.

Tuanze Leeds na Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Kati ya 1975 na 1980 dereva wa lori aitwaye Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 na kujaribu kuua wengine 7. Wa kwanza wengi wao walikuwa wanawake waliofanya biashara ya ngono, na magazeti pamoja na polisi wakaanza kugawa marehemu mafungu mawili: hawa "wasio na hatia", na wale wengine. Yaani hata kwenye kufa kuna madaraja! Polisi wa West Yorkshire walikuja kuomba radhi kwa lugha ile mwaka 2020, Sutcliffe alipokwisha kufa gerezani.

Ushauri wa polisi wakati ule ulikuwa mmoja: wanawake, msitoke peke yenu usiku. Sasa fikirieni nesi wa zamu ya usiku, mfanyakazi wa kiwandani, mwanafunzi anayetoka maktaba. Wote wajifungie kwa sababu ya mwanamume mmoja. Wanawake wa Leeds wakakataa. Tarehe 12 Novemba 1977 waliandamana usiku wakiwa na mienge, na siku hiyohiyo wenzao wakaandamana kwenye miji mingine kadhaa. Wazo walilipata kwa wanawake wa Ujerumani Magharibi, ambao walikuwa wameandamana Aprili mwaka huohuo. Hoja yao ilikuwa rahisi: kama lazima kuna watu wafungiwe ndani usiku, kwa nini wasiwe wanaume, maana muuaji ni mwanamume?

Na huku polisi je? Hapa ndipo nilipoacha chai ikapoa. Sutcliffe alihojiwa na polisi mara 9 kabla hajakamatwa. TISA! Habari zilikuwa zimeandikwa kwenye kadi za karatasi, kadi nyingi mno hata ikabidi sakafu ya ofisi iimarishwe ili ibebe uzito. Hakukuwa na kompyuta ya kuziunganisha. Aliyehojiwa jana na askari huyu, leo anahojiwa na askari yule kama mgeni.

Mbaya zaidi, mwaka 1979 polisi walipokea kanda ya sauti ya mtu aliyejidai ndiye muuaji, mwenye lafudhi ya watu wa Sunderland. Wakaamini. Kuanzia hapo asiyekuwa na lafudhi ile akawa anaachwa. Ni kama polisi wa Moshi waamue kwamba mwizi wao lazima aongee kama mtu wa Mtwara, halafu wawaruhusu Wachaga wote waende zao. Mwaka huohuo askari mmoja kijana alimhoji Sutcliffe, akamtilia shaka, akaandika ripoti. Ripoti ikawekwa kwenye faili. Lafudhi haikuwa yenyewe! Kanda ilikuwa ya uongo, na aliyeitengeneza alifungwa mwaka 2006.

Novemba 1980 aliuawa wa mwisho, mwanafunzi wa miaka 20 wa Chuo Kikuu cha Leeds. Alikuwa ameshuka kwenye basi saa tatu na kitu usiku, anatembea hatua chache tu kwenda bweni. Hapa nilisimama kusoma kwa muda, maana huyo angeweza kuwa yeyote kati yetu. Mkoba wake wenye damu uliokotwa usiku uleule na mwanafunzi mwenzake, polisi wakaitwa, wakaangaza angaza na tochi, wakaondoka. Mwili ulionekana asubuhi. Siku chache baadaye rafiki wa Sutcliffe aliandika barua kwa polisi akimtaja, kisha akaenda mwenyewe kituoni kusema. Hakuna kilichofanyika. Januari 1981 Sutcliffe alikamatwa Sheffield kwa sababu gari lake lilikuwa na namba za bandia. Namba za gari, jamani.

Twende kipindi cha pili, na hapa mbwa anaingia. Tarehe 15 Julai 1992, mama wa miaka 23 alikuwa anamtembeza mbwa wake Wimbledon Common, eneo kubwa la nyasi na miti kusini-magharibi mwa London. Alikuwa na mtoto wake wa kiume ambaye hajatimiza miaka 3. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, watu wengine wapo palepale. Pitia ile orodha ya ushauri: giza hakuna, mbwa yupo, watu wapo. Aliuawa mbele ya mtoto wake.

Polisi walimshuku mwanamume mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake mwenyewe kwenye eneo lile. Ushahidi hawakuwa nao, wakaweka mtego: askari wa kike akajifanya anamtaka kimapenzi, akamwandikia barua na kukutana naye kwa miezi, akitarajia akiri. Hakukiri, maana hakuwa ameua. Septemba 1994 jaji aliutupilia mbali ushahidi ule na jamaa akaachiwa. Miaka mingi baadaye serikali ilimlipa fidia ya zaidi ya pauni laki 7.

Muuaji halisi aliitwa Robert Napper. Na kumbe polisi walishapata habari zake tangu 1989! Mama yake mzazi alipiga simu akasema mwanangu ameniambia amebaka mwanamke kwenye eneo la wazi la Plumstead. Polisi wakatafuta tukio la namna hiyo, wakasema halipo. Lilikuwepo. Mwanamke alikuwa amebakwa ndani ya nyumba iliyopakana na eneo lile, wiki chache tu nyuma. Mwaka 1992 Napper aliitwa kutoa sampuli ya damu katika uchunguzi wa mfululizo wa ubakaji, hakutokea, na mwishowe wakamwondoa kwenye orodha kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko mtu aliyeelezwa. Leeds ilikuwa lafudhi, London ikawa urefu.

Novemba 1993, polisi wakiwa bado wamemng'ang'ania yule mwenye mbwa, Napper aliingia nyumbani kwa mama mwingine Plumstead, akamuua yeye na binti yake wa miaka 4. Hao walikuwa ndani ya nyumba yao. Kwa hiyo hata ule ushauri wa "kaa ndani" haukuwasaidia kitu. Vipimo vipya vya DNA vilimfikia Napper kwa mauaji ya Wimbledon mwaka 2004, na Desemba 2008 alikiri mahakamani. Mwaka 2010 tume ya malalamiko dhidi ya polisi ilieleza wazi kwamba angeweza kuzuiwa mapema.

Kipindi cha tatu ni cha juzi tu, 2021. Machi mwaka huo mwanamke wa miaka 33 alitekwa akitembea kwenda nyumbani kusini mwa London. Polisi walipopita nyumba kwa nyumba, wanawake wa eneo lile walisema wameambiwa wasitoke peke yao. Maneno yaleyale ya 1977! Halafu aliyekamatwa akawa nani? Polisi mwenyewe, Wayne Couzens, ambaye alimsimamisha kwa kutumia kitambulisho chake cha kazi. Na tayari alikuwa ameripotiwa kwa kujianika uchi hadharani, mara ya kwanza 2015, na tena siku chache kabla ya mauaji. Baadaye polisi wa London wakashauri kwamba mwanamke akisimamishwa na askari asiyemwamini, anaweza kupungia basi mkono lisimame. Nadhani hata dereva wa basi alishangaa.

Karibu miezi miwili baada ya mauaji hayo, tarehe 27 Aprili 2021, mama wa miaka 53 alitoka nyumbani kwake kijijini Snowdown, Kent, mchana, kumtembeza mbwa wake mdogo. Huyu alikuwa askari msaidizi wa jamii, kazi yake ilikuwa usalama wa watu. Alikwishamwona mwanamume mmoja wa ajabu maeneo yale miezi ya nyuma, akamwambia mumewe. Saa yake ya mkononi ilikuwa inarekodi mapigo ya moyo na njia anayopita, kwa hiyo mahakama iliona alivyobadilisha njia ghafla na moyo ulivyoanza kwenda mbio. Yaani alikuwa na mafunzo, mbwa, hadhari na teknolojia. Alifuata kila kitu. Muuaji alihukumiwa 2022.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi mtupe tochi na mtembee gizani. Mbwa anabweka, na kubweka kunaweza kumfanya mtu asite. Ninachosema ni kwamba katika vipindi vyote vitatu ushauri ulikwenda kwa wanawake, wakati habari za wauaji wengi wao zilikuwa zimeshafika mezani kwa watu wanaolipwa kuzifuatilia. Mama wa Napper alipiga simu. Askari kijana aliandika ripoti. Rafiki wa Sutcliffe alikwenda kituoni. Watu waliomwona Couzens walimripoti. Hawa wote walifanya wajibu wao, na kilichokwama kilikwama baada yao.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, na kaka zetu mnaosoma hapa nawaomba zaidi. Dada akikwambia kuna mtu anamfuata toka kituo cha daladala, usianze na "ulikuwa umevaa nini" wala "kwa nini ulipita kule". Muulize ni nani, wapi, saa ngapi. Mwandikie. Mpeleke akaripoti, mwombe namba ya taarifa, na wiki ijayo mrudi wote kuuliza imefikia wapi. Usipojibiwa rudi tena. Faili linalosumbuliwa ni gumu kulisahau kuliko lililolala kabatini.

Haya wadau, nimeandika ndefu leo, mnisamehe, ndo shida ya kusoma historia. Maoni nayakaribisha, hasa kwa wale wanaojua mambo kama haya ya hapa kwetu. Wenye test Jumatatu nawatakia kila la heri. Tupo pamoja!