Baiskeli za Kale za Kanada

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu waonya, wala hausifu. King'aacho huvuta jicho, na cha kale hutupwa nyuma ya nyumba kikanyeshewa mvua na kuliwa na kutu. Lakini, ewe msomaji, katika kila nchi wako watu wachache waendao kinyume cha desturi hiyo. Nataka nikueleze habari za watu wanaotafuta baiskeli za zamani za Kanada, wakazitambua nasaba zake, kisha wakazirudishia uhai. Kazi yao hudhaniwa kuwa mchezo wa watu wasio na shughuli. Nami nasema kuwa ni njia mojawapo ya kusoma historia.

Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo uzungushao gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa mikono ya John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alileta tairi la upepo, na tangu hapo baiskeli ikaenea kama moto wa nyika. Katika Kanada viwanda viliota kama uyoga baada ya mvua. Hata Massey-Harris, kampuni ya Toronto iliyosifika kwa zana za kilimo, iliingia katika biashara hiyo. Jina la Massey huenda si geni kwako: lilipoungana na la Ferguson katika miaka ya 1950, likawa jina la trekta lijulikanalo sana katika mashamba ya Kenya.

Mwaka 1899 viwanda vingi vya Marekani viliungana kuwa shirika moja kubwa. Wakanada wakaingiwa na hofu ya kumezwa na jirani mwenye nguvu. Kwa kuwa umoja ni nguvu, mwaka huo huo kampuni tano, yaani Massey-Harris, Gendron, Goold, Lozier na Welland Vale, ziliunganishwa kuwa Canada Cycle & Motor, ambayo watu waliifupisha kuwa CCM. Muungano haukuanza kwa raha, maana soko lilianguka mara ile ile. Lakini kampuni haikukata tamaa. Mwaka 1905 ilikuwa ikitengeneza motokaa iitwayo Russell, na pia viatu vya kuteleza juu ya barafu, kwa sababu kipupwe cha Kanada hakimruhusu mtu kupanda baiskeli mwaka mzima. Mwaka 1917 ilihamia Weston, karibu na Toronto, na huko ikaunda baiskeli za watoto, za wafanyakazi na za mashindano. Katika miaka ya 1930 mashindano ya siku sita yalipendwa mno, na Mkanada Torchy Peden alishinda 38 kati ya 148 aliyoingia. Mwaka 1983 kampuni ilifilisika. Jina la CCM lingali hai, ila katika mikono mingine. Kiwanda cha Weston hakipo tena. Kwa hiyo mashahidi waliobaki ni baiskeli zenyewe.

Sasa, msomaji, shahidi huyo huhojiwaje? Mtu mgeni hutazama nembo iliyo mbele, chini ya usukani, akaiamini. Hapo ndipo akosapo. Baada ya muungano kampuni iliendelea kuuza baiskeli kwa majina ya zamani: Massey, Cleveland, Perfect na Red Bird. Majina yalikuwa mengi, lakini mama alikuwa mmoja. Mjuzi, basi, hutazama gurudumu la meno lizungushalo mnyororo, kwani mara nyingi herufi CCM zimechongwa humo. Hutafuta namba iliyopigwa katika chuma cha fremu. Hutazama rangi ya vyuma ving'aavyo: nikeli ina umanjano kidogo, na kromi ina ubuluu, nayo kromi ilianza kuenea katika baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1920. Akiona rimu za mbao, ajua kuwa amekutana na mzee. Hata hivyo hakati shauri kwa dalili moja, kwa maana gurudumu laweza kubadilishwa na usukani ukaazimwa kwingine.

Nitakupa mfano ulio karibu nawe. Katika tairi la baiskeli kubwa nyeusi ambayo Wakenya huiita Black Mamba huandikwa 28 x 1½. Katika tairi la baiskeli nyingi za kale za Kanada huandikwa vivyo hivyo. Lakini tairi la kwanza hukaa juu ya rimu yenye kipenyo cha milimita 635, na la pili milimita 622. Ukilivika gurudumu la Kanada tairi la kwetu, litalegea. Ukijaribu kinyume chake, halitaingia kabisa. Maandishi ni yale yale, vitu ni mbalimbali. Ndiyo sababu mwenye hekima hupima, asitosheke na kusoma.

Baada ya kutambua huja kutengeneza, na hapa subira huvuta heri. Fundi mwema hupiga picha kwanza, kisha hufungua kimoja kimoja, huhesabu gololi, na kuziweka nati katika makopo yenye majina. Nati iliyoshikwa na kutu huilowesha mafuta hata siku kadhaa, haipigi nyundo. Akumbuka kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia, maana asiyekumbuka huharibu chuma kilichodumu miaka mia.

Swali gumu ni la rangi. Wako wapendao kukwangua yote na kupaka upya, baiskeli ing'ae kama ya dukani. Wengine husema kuwa rangi ya kwanza, hata ikichakaa, ni sahihi ya mtengenezaji, na anayeikwangua amechoma barua kabla ya kuisoma. Mimi nawaunga mkono hao wa pili. Rangi mpya yaweza kupakwa hata kesho. Ya kwanza ikishaondolewa hairudi. Palipo na kutu tupu, paka. Palipobaki alama, hifadhi.

Ewe msomaji kijana, labda nyuma ya nyumba ya babu yako imeegemea baiskeli iliyobeba maziwa, barua, au mgonjwa usiku wa manane. Kabla haijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, isogelee. Soma nembo yake, nakili namba yake, kisha mwulize mzee aliipata wapi na kwa bei gani. Chuma chaweza kungoja kidogo. Mzee na kumbukumbu zake hawangoji.