Nani wa Kulaumiwa? Sababu za Matendo ya Wahusika katika Nathari ya Kiswahili, 1952–1980

Swali la sifa za wahusika huwafurahisha watahiniwa wengi. Mtahiniwa huandika, "Rosa ni mwasherati," akatoa mfano mmoja na kusonga mbele. Jibu hilo si la uongo, lakini halijaeleza lolote. Kulitaja tendo la mtu si kusema kwa nini alilitenda. Makala haya yanafuatilia jinsi waandishi watatu walivyolishughulikia swali hilo la "kwa nini", na funzo ambalo mwalimu na mtahiniwa wanaweza kulipata.

Sababu za tendo huwa za aina mbili. Kuna sababu za ndani, yaani hulka na nia ya mtendaji, na kuna sababu za nje, kama vile malezi, amri au dhiki. Mwanasaikolojia Fritz Heider aliibainisha tofauti hii katika kitabu chake cha mwaka 1958. Mwaka 1967, Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi nchini Marekani insha kuhusu Fidel Castro wazisome. Hata walipoelezwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, wasomaji bado waliamini kwa kiasi fulani kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe. Mwaka 1977 Lee Ross aliuita mwelekeo huu kosa la kimsingi: tunamkazia macho mtendaji hata tukaisahau hali aliyomo.

Hebu tuangalie fasihi yetu. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anawaita nduguze Adili Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yanaeleza yote: wanamtosa ndugu yao baharini kwa kuwa wana husuda. Hapa sababu imo ndani ya mtu. Hata hivyo, Adili naye ana tendo linalohitaji maelezo, kwani kila usiku huwachapa manyani wawili. Anayemwona bila kujua kisa atamwita katili. Adili anapotakiwa kujieleza mbele ya Mfalme Rai, tunafahamu kwamba manyani hao ni nduguze waliogeuzwa na jini, naye ameamriwa kuwachapa. Kwa nduguze, sababu ni hulka. Kwake yeye, sababu ni amri. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule.

Takriban miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi aliligeuza suala hili kuwa kiini cha riwaya nzima. Rosa Mistika (1971) inamsawiri binti wa Ukerewe aliyechapwa vikali na babake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Anapopata uhuru akiwa masomoni, anapotoka, na hatimaye anajiua. Je, kosa ni la nani? Mwandishi haridhiki kuliacha swali hilo duniani, bali anaufikisha ugomvi wa binti na baba mbele ya Mungu. Kila mmoja ana sababu ya kumnyoshea mwenzake kidole.

Mwaka huohuo wa 1971, Jones na Richard Nisbett walidai kwamba mtu huyaeleza matendo yake kwa kutaja hali, na ya wenzake kwa kutaja hulka. Utafiti wa baadaye uliurekebisha mtazamo huo. Bertram Malle alipozichambua tafiti 173 mwaka 2006, aligundua kwamba kwa jumla tofauti hiyo ni ndogo sana, ila hujitokeza zaidi pale jambo linapokuwa baya. Kwa maneno mengine, lawama ndizo zinazotufanya tutafute visingizio. Hali ya Rosa na Zakaria ndiyo hiyo.

Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anaisukuma hoja mbele zaidi. Maimuna anafungiwa nyumbani na babake, Maksuudi, asiujue ulimwengu. Anapotoka, ulimwengu unamfunza kwa ukali. Mwandishi anaonyesha pia kwamba Maksuudi mwenyewe hayafuati maadili anayoyadai kwa wengine. Mizani sasa imeegemea sababu za nje.

Je, tuseme basi kwamba mhusika hana hatia? La. Adili, Hasidi na Mwivu ni wana wa baba mmoja, lakini matendo yao yanatofautiana. Malezi yanaeleza mengi ila hayaelezi yote. Mtahiniwa bora atazipima sababu zote mbili. Badala ya kukomea kwenye "Rosa ni mwasherati," ataandika: "Rosa anapotoka kwa sababu ulinzi mkali wa babake haukumfunza kujiamulia; hata hivyo, baadhi ya uamuzi ulikuwa wake mwenyewe." Hapo sifa imethibitishwa, chanzo kimetajwa na tathmini imetolewa.

Nasi walimu tujikague. Tukichelewa kufika darasani, tunasema matatu iliharibika njiani. Mwanafunzi akichelewa, tunamwita mvivu, na jina hilo humwandama hadi kidato cha nne. Huenda matatu yake pia iliharibika. Huenda alikuwa akimuuguza mamake. Kabla ya kumpa sifa, tumwulize sababu, kama Mfalme Rai alivyomwuliza Adili.

Swali la mazoezi: "Zakaria ndiye aliyemwangamiza Rosa." Jadili. (alama 20)