Mwangwi Uliodhaniwa Ubovu

Katika miaka ya 1930, manowari za Marekani zilizokuwa zikifanya mazoezi Guantánamo, Kuba, zilipatwa na tatizo la ajabu. Asubuhi mitambo yao ya kusaka nyambizi kwa sauti ilifanya kazi barabara. Jua likishapinduka, nyambizi ileile haisikiki tena. Mafundi walikagua mitambo wasione kibovu, na wapo waliowashuku mabaharia kwamba wanasinzia baada ya kula. Columbus Iselin, mtaalamu wa bahari kutoka Woods Hole, ndiye aliyepima joto la maji kwenye vina mbalimbali akapata jibu. Jua la mchana lilikuwa limepasha tabaka la juu, na sauti ikitoka kwenye maji ya moto kuingia ya baridi hupinda kwenda chini. Nyambizi ilikuwa imepata pa kujificha bila hata kusogea. Mitambo ilikuwa mizima.

Historia ya kipima kina, kile kioo kidogo ambacho leo kimefungwa mbele ya mshika usukani, imejaa visa vya namna hii. Watu hulalamika kuwa chombo kinadanganya, kumbe kinasema jambo ambalo bado hawajajua kulisoma.

Kabla yake palikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Sehemu ya chini hupakwa shahamu ili inase mchanga au tope, nahodha akajua yuko juu ya nini. Kwenye maji madogo bildi ilitosha. Kwenye kilindi, kuiteremsha na kuivuta ilikuwa kazi ya saa nzima na zaidi, na jibu lenyewe la kubahatisha.

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 1826 katika Ziwa Geneva. Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm waligonga kengele ndani ya maji huku wakiwasha baruti juu yake, na mtu aliyekuwa mbali akahesabu muda uliopita kati ya mwanga na mlio. Walipata mwendo wa mita 1,435 kwa sekunde. Baharini ni kama 1,500, kwa hiyo mwangwi unaorudi baada ya sekunde moja umetoka kina cha mita 750. Hesabu ni hiyo tu. Vifaa vyote vilivyofuata vimejengwa juu yake.

Hata hivyo, kilichowasukuma watu kutengeneza kifaa chenyewe ni kuzama kwa Titanic, Aprili 1912. Alexander Behm wa Kiel, Ujerumani, alitaka kugundua milima ya barafu kwa sauti. Barafu ilimrudishia mwangwi hafifu, lakini sakafu ya bahari ikaitika vizuri, naye akasajili hataza ya kupima kina mwaka 1913. Mwaka uliofuata Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, akiwa kwenye meli Miami kaskazini mwa Atlantiki, aliupata mlima wa barafu kwa umbali wa kilomita tatu hivi. Naye pia alisikia mwangwi wa pili ambao hakuwa ameufuata: wa sakafu.

Samaki nao waliingia kwa mlango huohuo. Karatasi za kurekodia kina zilionyesha madoa kati ya uso wa maji na chini, na mpima kina hakuwa na haja nayo. Mwingereza Ronald Balls, nahodha wa uvuvi, ni miongoni mwa wa kwanza kuyafuata madoa hayo kwa nyavu, mapema miaka ya 1930. Mwaka 1935 mwanasayansi wa Norwei, Oscar Sund, alichapisha michoro ya makundi ya chewa wa kaskazini huko Lofoten. Kinachorudisha sauti zaidi ni mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki. Sehewa hana mfuko huo, ndiyo maana kundi lake laweza kupita chini ya boti likaacha alama hafifu tu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1942, pwani ya California. Mitambo ya jeshi ilionyesha sakafu kwenye kina cha mita mia kadhaa, mahali ambapo ramani zilisema kuna maelfu ya mita. Mwaka 1945 mtafiti Martin Johnson alichunguza akaona kwamba “sakafu” hiyo hupanda jua linapotua na kushuka alfajiri. Ilikuwa ni viumbe hai, wengi kupita kiasi, wanaopanda usiku kutafuta chakula.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndugu wawili wa familia ya Furuno, mafundi wa umeme huko Nagasaki, waliuza kitafuta samaki chao mwaka 1948. Marekani, Carl Lowrance na wanawe walileta kisanduku cha kijani kilichobebeka kwenye mtumbwi mwishoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo bei imeshuka na kioo kimepata rangi, lakini malalamiko hayajabadilika. Mistari inayokatiza kioo injini ikiwaka huletwa mara nyingi na umeme wa injini, na dawa yake ni waya wa pekee kutoka kwenye betri. Namba ya kina ikipotea boti inapokimbia, jambo la kwanza la kutazama ni povu linalopita chini ya kile kifaa cha chini ya boti kinachotuma sauti na kupokea mwangwi, au ukoga uliokishika.

GPS, inayoonyesha kwenye kioo hichohicho mahali boti ilipo, ilikuja na udanganyifu wa makusudi. Hadi Mei 2, 2000, Marekani iliichafua ishara ya raia, mtu akaweza kukosea kwa kadiri ya mita mia moja. Siku hizi kosa limehamia kwenye ramani. Pwani ya Afrika Mashariki ilipimwa na Nahodha William Owen wa Uingereza katika miaka ya 1820, kwa bildi na kwa kutazama nyota, na bado zipo sehemu nyingi duniani ambazo ramani zake zinategemea vipimo vya karne hiyo. Ndiyo maana boti iliyotia nanga salama huweza kuonekana kwenye kioo imepanda nchi kavu.