Kuchacha na Kuchachuka: Kisa cha Bakteria wa Divai

Chakula kilicholala kikaharibika tunasema kimechacha. Unga uliotiwa hamira ukaumuka tunasema umechachuka. Mpaka kati ya mambo hayo mawili uliwasumbua wataalamu wa divai wa Ulaya kwa takribani nusu karne.

Mwaka 1866 Louis Pasteur alichapisha kitabu kuhusu divai, akaonyesha kuwa divai zilizoharibika zilikuwa na bakteria. Kwa heshima aliyokuwa nayo, hukumu ikawa imetoka: hamira hutengeneza divai, bakteria huiharibu. Ajabu ni kwamba Pasteur huyo huyo ndiye aliyeeleza, mwaka 1857, kazi ya vijidudu katika kuchachusha maziwa.

Watengenezaji, hata hivyo, waliona jambo jingine. Divai iliyotulia wakati wa baridi ilianza tena kutoa mapovu majira ya kuchipua, kisha ukali wake ukapungua. Wapo waliosema kuwa divai inaitikia mizabibu inayochanua shambani. Tusiwacheke, maana majira waliyapata sawasawa: ni joto lililokuwa likiwaamsha bakteria.

Mwaka 1891 Hermann Müller-Thurgau, mtaalamu wa Uswisi, alitoa rai kwamba bakteria ndio wanaopunguza ukali huo. Mwaka 1913, yeye na mwenzake Osterwalder waliueleza mchakato huo kwa kirefu. Bakteria huigeuza asidi maliki, ambayo ndiyo ukali wa tofaa bichi, kuwa asidi laktiki, ambayo ni ya maziwa ya mgando na ni pole zaidi ulimini. Kaboni dayoksaidi inayotoka ndiyo yale mapovu. Asidi zote mbili zilikuwa zimekwisha kutambuliwa na mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi kabla ya mwaka 1790!

Hata hivyo, ni katikati ya karne ya 20 ndipo Émile Peynaud wa Bordeaux alipowasaidia watengenezaji kuusimamia mchakato huo badala ya kuubahatisha. Bakteria mashuhuri katika kazi hiyo aliitwa Leuconostoc oenos mwaka 1967, kisha Oenococcus oeni mwaka 1995.

Pasteur hakukosea kabisa, kwani wapo bakteria wanaoigeuza divai kuwa siki. Na si kila divai huhitaji kupozwa ukali. Watengenezaji wengi wa Riesling huwazuia bakteria hao kwa ubaridi na salfa dayoksaidi, ili ule ukali wa tofaa ubaki.